Mwanamke Anayewauliza Wabebaji wa Mkaa Rangi ya Choo

Lango la ghala la mkaa halijafunguliwa bado, na tayari mwanamke mmoja anawauliza wanaume rangi ya choo chao.

Anauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu. Amekaa juu ya gunia lililokunjwa, kilemba kimemkaa kichwani, na ndani ya kilemba imechomekwa sindano ndefu ya kushonea midomo ya magunia. Miguu ameinyoosha mbele, maana magoti yake hayapendi kukunjwa asubuhi. Wabebaji wamepanga mstari wakisubiri ufunguo.

"Umekula?" anamuuliza wa kwanza.

"Bado, mama."

"Choo chako cha jana kilikuwa rangi gani?"

Mbebaji anatazama juu, anatazama chini, kisha analitazama lango. Lango halimsaidii.

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Kwani wao hawaendi?"

Mstari unacheka. Anayecheka kuliko wote ni pande la mtu linaloitwa Winchi, jina alilopewa kwa sababu hunyanyua gunia ambalo wengine hulinyanyua wawili. Winchi ni mdogo wa mume wa mwanamke huyu, kwa hiyo ana kibali cha kumtania mpaka jua lizame.

"Cheusi, shemeji," anajibu kabla zamu yake haijafika. "Cheusi kama mkaa wa daraja la kwanza. Nikuletee ukishone mdomo?"

"Kinanata?"

"Kinaimba."

Wanaume wanashikana mabega kwa kicheko. Mwanamke hacheki. Anamkazia macho shemeji yake mpaka kicheko kinakwisha chenyewe, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Wenzake wamempa cheo: Mkaguzi. Ni cheo kisicho na mshahara, ofisi wala mhuri. Hakuna aliyemteua. Ukimuuliza ni nani kamtuma, atakwambia ni hasira.

"Nina hasira mpaka nikilala meno yanasagana," anasema. "Watu wanadhani nafanya mzaha. Mimi nilikaribia kufa kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Na yule mkubwa pale anayecheka atakufa kweli asiponijibu."

Lango linafunguliwa. Mgeni angedhani kazi inaanza. Haianzi. Kwanza kuna shughuli inayofanywa kwa heshima kubwa kuliko kazi yenyewe.

Msimamizi wa ghala anaingia katika kibanda chake cha mabati, anafungua dirisha dogo na kuweka kizingitini kopo la maziwa ya unga ambalo maziwa yake yaliisha zamani. Ndani yake kuna vidonge vya njano na vya pinki, vimechanganyika kama peremende. Wabebaji wanapita mmoja mmoja, kiganja wazi. Njano ni ya kiuno. Pinki ni ya magoti. Anayelalamika sana anapewa vyote viwili. Vinamezwa papo hapo kwa kahawa chungu, tumbo likiwa tupu.

Hicho ndicho kinachoitwa kifungua kinywa katika ghala hili, na wanaolitamka neno hilo wala hawatabasamu.

Tumbo tupu si uzembe. Ni ufundi. Gunia la mkaa hubebwa mgongoni, mbebaji akiwa ameinama, kamba imepita kwenye paji la uso, na njia ya kufika kwenye lori ni ubao mwembamba uliolazwa kwa mwinuko. Aliyekula akiinama hivyo, chakula hurudi kilikotoka, tena mbele za watu. Kwa hiyo hakuna anayekula mpaka lori la kwanza lijae. Malipo nayo ni kwa gunia, si kwa siku. Asiyebeba hapati kitu, na mwenye maumivu hawezi kubeba. Hapo ndipo kopo linapopata ajira ya kudumu.

Vidonge hivyo vina jina lake la kazini: toroli. Mtu husema, "Nipe toroli la njano," na anaeleweka. Toroli la kweli, lile la magurudumu, ghala hili halijawahi kununua.

Mkaguzi alimeza matoroli hayo kwa miaka mingi, enzi zake za kubeba. Alianza kwa sababu ya mgongo, akaendelea kwa sababu ya magoti.

"Mwanzoni nilipata nafuu," anasema, na hapa anataka aeleweke vizuri. "Sitadanganya. Ukimeza, maumivu yanakaa pembeni kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Unabeba. Unarudi nyumbani unapika, unafua. Nilikuwa namwombea dua aliyeivumbua dawa ile."

Baadaye kimoja hakikutosha. Akawa anameza cha njano asubuhi na cha pinki mchana, akiamini kwamba rangi mbili ni dawa mbili. Jioni, magoti yakivimba, alipitia duka la dawa karibu na kwake akadungwa sindano ya maumivu. Sindano aliichagua kwa busara, kama alivyoona mwenyewe wakati ule: alitaka tumbo lipumzike.

Kisha choo chake kikawa cheusi.

Mahali pengine popote, mtu akiona choo cheusi kama lami angeshtuka. Ila katika ghala la mkaa weusi si habari. Mate ni meusi, makamasi ni meusi, maji ya kuogea hutoka meusi hata baada ya sabuni ya pili. Wabebaji wanaamini kwamba vumbi linalomezwa kutwa nzima lazima litoke, na likitoka ni dalili kwamba mwili unajisafisha. Anayeonewa huruma ni yule ambaye choo chake bado ni cha kawaida. Huyo huambiwa vumbi limemkalia kifuani.

"Nilifurahi," anasema Mkaguzi, na sauti yake inapanda. "Nisikilize vizuri. Nilikuwa navuja damu tumboni, na nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, uchafu unatoka. Na yeye akanipongeza."

Mume wake, fundi baiskeli, hakatai. "Nilimpongeza," anasema, macho yakiwa kwenye mnyororo anaoutia grisi. "Nikamwambia, wewe ni mashine, mke wangu." Anazungusha pedali mara kadhaa, ingawa mnyororo umeshakaa sawa. "Maneno hayo yananirudia nikiwa peke yangu."

Dalili nyingine zilikuja, nazo zikapata maelezo yake. Alipoishiwa pumzi ubaoni, wenzake walisema ni uzee. Midomo ilipopauka, walisema ni vumbi jeupe, ingawa hakuna anayejua vumbi jeupe lingetoka wapi. Tumbo lilipoanza kuwaka moto, alijikaza kisabuni. Asubuhi moja kujikaza kukagoma. Alienda dirishani akiwa ameshika tumbo, akasema kichwa kinazunguka. Msimamizi alifanya uchunguzi wake wa kitabibu bila kuinuka kwenye kiti, akampa kidonge cha pinki.

Alianguka katikati ya ubao, gunia likiwa juu yake. Walipolitoa alitapika kitu cheusi chenye chembechembe kama masalia ya kahawa. Msimamizi akatoa matokeo ya uchunguzi wa pili: mgonjwa amekula kitu kibaya. Mgonjwa alikuwa hajala kitu.

Ghala zima linaishi kwa kubeba, lakini siku hiyo halikuwa na cha kumbebea mtu. Winchi alikimbia kwa muuza maji wa jirani, akarudi akisukuma toroli la madumu.

"Hilo ndilo toroli la kwanza kuingia hapa," anasema Mkaguzi. "Liliingia kunitoa mimi."

Hospitalini walikuta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Aliongezewa damu, akalazwa, na huko akakutana na mtu wa kwanza aliyemweleza alichokuwa anameza.

Mtu huyo ni muuguzi wa wodi, mwanamke mwenye sauti ya upole na subira iliyobaki kidogo sana. "Wanaletwa wengi," anasema. "Wabeba mizigo, wafua nguo, mafundi cherehani, bibi zetu wenye magoti. Vidonge wanavyo kwenye kikaratasi, majina hawayajui. Nikimwambia mgonjwa kwamba hiki cha njano na hiki cha pinki ni ndugu wa tumbo moja, ananiona mwongo. Rangi si dawa. Rangi ni rangi tu."

Cha njano cha kopo lile kilikuwa diklofenaki. Cha pinki kilikuwa ibuprofeni. Aspirini nayo ni ya ukoo huohuo, na kesho kiwanda kingine kinaweza kubadilisha rangi zote. Muuguzi anasema kumeza mbili za ukoo mmoja hakuleti nafuu maradufu. Kinachoongezeka ni madhara.

"Dawa hizi zinazuia kitu fulani mwilini kinacholeta uvimbe na maumivu," anaeleza. "Sawa. Lakini kitu hichohicho ndicho kinacholinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo zipate damu. Ni kama umemfukuza mlinzi kwa sababu anakoroma. Usingizi utaupata. Mlango nao uko wazi."

Na ile sindano ya kulipumzisha tumbo?

Swali hilo muuguzi amelizoea. "Sindano inaingia kwenye damu, na damu inafika tumboni. Tumbo halijui umepitia mlango gani."

Hataki mtu aondoke akidhani dawa zenyewe ni sumu. "Ukiteguka mguu leo nitakupa mimi, kwa mkono wangu. Lakini nitakupa ya aina moja, kiasi kidogo kinachotosha, umeze ukiwa umekula, kwa siku chache, halafu uache. Na kabla sijakupa nitakuuliza. Una vidonda vya tumbo? Presha? Figo? Moyo? Pumu? Una mimba? Kuna dawa nyingine unatumia? Unakunywa pombe? Na mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji, huyo figo zake ziko taabani hata kabla ya kumeza. Sasa niambie, kopo linauliza nini?"

Kopo haliulizi kitu. Ndiyo sababu linapendwa.

Kuhusu lile vumbi linalotoka, muuguzi hakucheka. Alimweleza Mkaguzi kwamba vumbi la puani na mdomoni halitoshi kupaka choo rangi namna ile. Damu inayovuja tumboni ikifika chini huwa nyeusi, hunata kama lami, na hunuka vibaya kupita kawaida. Anayeona hivyo aende hospitali siku hiyohiyo. Anayetapika mfano wa masalia ya kahawa asisubiri hata aliyeahidi kumsindikiza.

Swali la langoni lilizaliwa pale kitandani. Mtu wa kwanza ambaye Mkaguzi alitaka kumuuliza hakuwa mbali, alikuwa nje ya wodi akichekesha watu.

Ndugu waliombwa kuchangia damu. Mume alichangia. Winchi naye alijitokeza, kifua mbele, mikono ya shati imekunjwa hadi begani ili wahudumu wachague mshipa wanaoupenda. Akapimwa, akarudishwa. Damu yake ilikuwa pungufu. Aliambiwa aende akachunguzwe, ijulikane kwa nini mwanamume wa mwili ule hana damu ya kutosha.

Akatoka nje akawaambia watu kwamba damu yake imekataliwa kwa kuwa ni nzito mno, ingempasua mgonjwa.

Kila mtu alicheka. Mkaguzi aliposimuliwa utani huo aliwaza kopo. Shemeji yake alikuwa anachota kwenye kopo lilelile, tena kwa kiganja kikubwa kuliko chake.

"Nikajua hapohapo," anasema. "Nikamwita, nikamwambia, na wewe unavuja. Nenda ukapimwe. Akaniambia, shemeji, mimi si mwanamke. Nikamuuliza, kwani tumbo la mwanamume limejengwa kwa zege? Akasema, la kwangu ndiyo."

Tangu aliporudi ghalani, sasa kama mshonaji wa magunia, kila asubuhi anamuuliza, na kila asubuhi anajibiwa kwa mzaha. Hiyo ndiyo shida ya Winchi: jibu lake ni lilelile liwe la kweli au la utani. Ndiyo maana Mkaguzi aliongeza swali la pili, la kunata. Mkaa haunati.

Msimamizi anayaona haya yote na hayamfurahishi. Wabebaji humwita Daktari. Elimu yake ya udaktari aliipata siku aliyokabidhiwa ufunguo wa dirisha.

Anapokea wageni akiwa mezani, mbele yake mayai, mkate na chai ya maziwa. Hajioni mtu mbaya, na anashangaa kwamba jambo hili linaulizwa.

"Mimi nawasaidia," anasema. "Kuna maghala hayatoi hata kidonge kimoja. Hapa mfanyakazi akiumwa anahudumiwa hapohapo, hapotezi muda. Yule mama anawatia watu woga bure. Nimeshamwambia, akiendelea na maswali yake ya chooni atafute pengine pa kushona."

Kwa nini ghala lisinunue toroli?

"Toroli halipandi ubao."

Ubao ukipanuliwa?

"Ubao uko hivyo siku zote," anasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mlima.

Kisha anaulizwa swali jepesi, la kumalizia tu. Yeye mwenyewe, akiumwa mgongo, hupendelea cha njano au cha pinki?

"Mimi? Hapana, hapana. Mimi nina presha. Kliniki walinikataza hivi kabisa. Walisema vinapandisha presha, vinaharibu na figo."

Anachovya mkate kwenye chai. Haonekani kusikia alichokisema.

Je, kuna mbebaji aliyewahi kuulizwa kama naye ana presha?

"Wale ni watu wa kazi," anasema Daktari, akifuta yai mdomoni. "Wana miili."

Mkaguzi anapoelezwa jibu hilo, anaacha kushona. Sindano inabaki nusu ndani ya gunia, nusu nje.

"Kwa hiyo alijua," anasema taratibu. "Siku ile nimesimama dirishani nimeshika tumbo, ananipa cha pinki, alikuwa anajua." Anavuta kamba mpaka mdomo wa gunia unakunjamana. "Mimi nilikuwa namhesabu mjinga. Mjinga unaweza kumsamehe. Sasa huyu nimweke fungu gani?"

Hapati muda wa kujijibu.

Lori la pili linapakiwa. Winchi yuko ubaoni, gunia mgongoni, wenzake wamemfuata mmoja nyuma ya mwingine. Katikati ya ubao anasimama.

Kwenye ubao ule hakuna anayesimama, na hakuna anayerudi. Anayerudi huwarudisha wote walio nyuma yake, na huondoka na jina baya litakalomfuata mpaka uzeeni. Winchi anasimama muda ambao kila mtu anauhisi. Halafu anaanza kurudi, kinyumenyume, hatua ndogondogo. Walio nyuma wanashuka wakilaani, mmoja anauliza kama winchi imeishiwa mafuta. Hakuna anayecheka sana.

Anafika chini, analaza gunia, anakaa karibu na shemeji yake. Jasho lake ni la baridi. Chini ya vumbi uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Lile swali lako la pili."

"Lipi?"

"Usinifanye niseme kwa sauti."

"Sema kwa sauti uliyonayo."

Winchi anaitazama mikono yake mikubwa kama vile ni ya mtu mwingine, ameachiwa aishike kidogo.

"Kinanata," anasema. "Muda mrefu sasa."

Mkaguzi hamwambii kwamba alimwambia. Anainuka, magoti yakilia, na kumtuma mbebaji mmoja kwa muuza maji. Toroli la madumu linaingia ghalani kwa mara ya pili.

"Sipandi hilo," anasema Winchi. "Watu watanionaje?"

"Watakuona mzima. Panda."

Dirisha linafunguka. "Kuna nini hapo?" anauliza Daktari. "Mpeni cha pinki atulie, lori linasubiri."

Mkaguzi anaenda mpaka dirishani kwa mwendo wake wa kuchechemea, ambao siku hiyo unaonekana mrefu sana. Analichukua kopo lote. Anarudi nalo, analiweka mapajani mwa shemeji yake.

"Lishike. Muuguzi atataka kujua umemeza nini."

"Hiyo ni mali ya ghala," anasema Daktari.

"Na huyu ni wa nani?"

Toroli linatoka langoni likisukumwa na watu watatu, Winchi amelikalia, magoti yamefika kidevuni, kopo amelikumbatia kama mtoto aliyekabidhiwa zawadi asiyoitaka.

Alikutwa na kidonda kinachovuja, kama alivyobashiriwa na fundi wa kushona magunia. Alilazwa, akatibiwa, akaongezewa damu. Ilikuwa ya kawaida tu na haikumpasua. Ameambiwa asirudie tena dawa za ukoo ule, na kwamba akienda duka la dawa kwa lolote aseme kwanza kwamba amewahi kuwa na kidonda cha tumbo.

Ghala halijageuka mahali pa malaika. Daktari amenunua kopo jipya. Tofauti ni kwamba sasa linakaa ndani ya droo, na wanaolitaka hupitia nyuma ya kibanda, wakiangalia kushoto na kulia kama watu wanaonunua kitu cha wizi. Bado wapo. Maumivu nayo bado yapo, na malipo bado ni kwa gunia.

Hilo ndilo linalomchoma Mkaguzi zaidi. "Ukimwambia mtu aache kidonge halafu unamwachia gunia lilelile na ubao uleule, umemwambia nini?" anauliza. "Umemwambia alale njaa. Sitaki kuwa mtu wa kusema acha, acha."

Ana mpango, na ameshautoa kwa wabebaji wote: asubuhi waanze kwa kuchambua na kushona, wakiwa wameshakunywa uji, na kubeba kuanze chakula kikishatulia tumboni. Ubao upanuliwe. Liwepo pipa la maji ya kunywa. Toroli lipatikane, na hilo halitasubiri ununuzi wa ghala. Mume wake anaunda moja uani kwao, kwa magurudumu ya baiskeli na fremu ya kitanda cha chuma. Linaegemea kushoto kidogo. Yeye anasema ni mwonekano tu.

"Likiisha tutalisukuma mpaka mbele ya mwenye ghala," anasema Mkaguzi. "Alikubali au alikatae, lakini alikatae mbele ya watu wote, mchana. Akinifukuza, nitauliza swali langu nikiwa upande wa nje wa lango. Barabara si yake."

Yeye mwenyewe bado anaumwa magoti. Hutumia parasetamoli kwa kipimo alichoelekezwa na muuguzi, ambayo si ya ukoo ule lakini nayo ina mpaka wake, maana ikizidishwa huharibu ini. Hukanda kwa maji ya moto. Hunyoosha miguu kitandani kama alivyofundishwa, huku mume akihesabu vibaya. "Naumwa," anasema. "Nisikudanganye. Kuna siku nalia. Lakini nakijua kinachouma."

Asubuhi nyingine, lango bado limefungwa. Mkaguzi amekaa juu ya gunia lake. Kando yake kuna mwanafunzi mpya, pande la mtu, ameshika sindano kama anayeshika nyoka. Winchi bado hajaruhusiwa kubeba. Mshono wake umepinda vibaya.

"Mkaa wote utamwagika njiani," Mkaguzi anamwambia.

"Utajua mwenyewe na mwenye lori. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali. Uliza watu wasikie."

Mkaguzi anamtazama, kisha anautazama mstari. Wengine wanachunguza vidole vya miguu yao.

"Choo chako rangi gani, shemeji?"

"Cha kahawia," anajibu Winchi, kwa sauti ya mtu anayesomewa matokeo ya mtihani na kukuta amefaulu. "Hakinati. Kigumu kidogo, ila nashukuru."

Mstari mzima unaangua kicheko, mpaka waliopita barabarani wanageuka. Mkaguzi hana muda nao. Ameshamgeukia aliyesimama mbele, ambaye anacheka kuliko wengine na ambaye jana alionekana nyuma ya kibanda.

"Na wewe, ndugu yangu," anasema. "Umekula?"